Mzani wa Dhunbari

Namba mia mbili na kumi na mbili.
Ndivyo nilivyomwandika, kwa wino wa bluu,
mvua ya Asamu ikilitwanga bati.
Umri: ishirini na mmoja. Mimba: ya kwanza, wiki kumi na nne.
Kazi: mchuma chai.
Jina lake, Phulmoni Tanti, lilibaki kwenye karatasi nyingine,
kabatini, kwa ajili ya siri.

Alinipa kikombe cha chai yao ya chumvi,
ile wanayogawiwa jua likiwa utosini.
Nikanywa, nikaandika: chumvi, vikombe sita kwa siku.
Akacheka: "Dada, hata kiu unaiandika?"

Mara mbili kwa siku walipima majani yake.
Karani aliukodolea macho mshale wa mzani,
kilo ishirini na tatu, ishirini na nne,
akakata gramu za umande.
Damu yake haikupimwa na mtu
tangu siku niliyomfunga mkanda mkononi
nikaenda zangu na tarakimu.

Wiki ya thelathini na tatu ndara ziliikataa miguu.
Kichwa kikamgonga. Akaona vimulimuli mchana kweupe.
Mama mkwe akasema, joto hilo.
Usiku kifafa cha mimba kikamkunja
na gari la shamba lilikuwa Jorhat, limepeleka wageni.

Kwenye safu yake nilijaza:
*amepotea katika ufuatiliaji.*
Amepotea!
Alikuwa Laini ya Tatu, nyumba ya pili kutoka bombani,
kisha kando ya kijito, pasipo kibao.
Aliyepotea ni mimi.

Ripoti ikatoka, kurasa tisini na sita, jalada gumu.
Ilisema wazi: aspirini, kidonge kidogo kila usiku,
kianze mapema kwa aliye hatarini;
kalsiamu; presha ipimwe, ipimwe tena;
sindano ya magnesiamu iwe jirani, isiwe mjini.
Guwahati tukapigiwa makofi, tukala samosa,
kabati likafungwa.
Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi,
hata ukiupima kwa desimali mbili.

Kufuli lilivunjwa na muuguzi wa zahanati,
Nirupoma Bhuyan, mfupi, mkali, miwani ya kamba.
Aliisoma ripoti siku nne, penseli mkononi,
akifuta kila neno lisilomfikia mgonjwa.
Zikabaki kurasa mbili na swali moja:
"Siku ya kliniki hailipwi, ndiyo maana hawaji.
Lakini kila mmoja wao, kila siku, lazima aje wapi?"

Mzanini.

Meneja alikataa. Foleni itachelewa, alisema.
"Dakika mbili kwa mjamzito," akajibu Nirupoma,
"karani wako hukoroga chai yake kuliko hapo."
Akaweka meza. Akaweka kiti, maana presha haitaki haraka.
Kwenye vijitabu vya ujira akapiga mstari kwa rula:
hapa kilo, hapa damu.

Sitasema kila kitu kimenyooka.
Agosti aspirini iliisha, wiki tano tukaomba huku na huko.
Wapo waliovificha vidonge ndani ya mchele.
Lakini nimemwona mama mkwe wa Phulmoni,
yule wa "joto hilo",
akimsukuma mke wa mwanawe mdogo hadi mezani:
"Mpimeni huyu kabla ya majani yake."

Na jana jioni karani mwenyewe,
mshale wa mzani bado unatetemeka,
akasoma kwa sauti, kilo kwanza, kisha damu:
"Kumi na tisa na nusu.
Mia na sitini kwa mia na kumi.
Anjona Kurmi, usirudi shambani. Gari liko wapi?"

Gari lilikuwepo.
Akapanda, mkono tumboni, hajanawa utomvu wa chai.
Tenga lake likabaki chini, nikajitwika mimi,
kamba ikanikata kipaji cha uso
hadi nyumbani kwake, Laini ya Tano.
Halikuwa la usufi.