Saa Sita na Robo

Kidonge cha kwanza kilikuwa cheupe,
kidogo kuliko kifungo cha shati lake.
Sjoerd alikimeza saa moja na nusu, na mkate,
na ilipofika saa mbili, mwalimu aliniandikia,
darasa zima lilisikia kiti chake kikinyamaza.

Hadi saa sita na robo.
Saa sita na robo dawa ilimwachia mkono
katikati ya ngazi.
Akalia kwa sababu ya penseli,
akampiga Hidde kwa sababu ya penseli ileile.

Daktari Terpstra hakushangaa.
Alichora mlima nyuma ya bahasha,
huku kupanda, huku kuporomoka.
"Tutafute kinachoshuka taratibu," alisema.

Ikaja kapsuli, ina punje ndani:
nyingine huyeyuka asubuhi,
nyingine hungoja zamu,
jambo ambalo mwanangu hajawahi kuliweza.
Ilidumu hadi jioni. Ilidumu hata mezani.
Kisanduku kilirudi na mkate uleule,
chembe za chokoleti zimegandamana, kona moja imeng'atwa,
na mizani ya kliniki ikatuambia kilo mbili zimekwenda.
Usiku nilimsikia akihesabu boriti za dari,
kwa Kifrisia hadi mia, kisha kwa Kiholanzi.

Mama mkwe Baukje akaweka kikombe chini:
"Zamani mtoto wa namna hii
tulimpa ndoo akakamue ng'ombe."
Kweli. Na mtoto huyo ndiye Wiebe, mume wangu,
miaka arobaini na mitatu, kazi tatu zimemtema,
funguo za gari ndani ya friji, kando ya siagi.

Haraka haina baraka, husema waliojaliwa utaratibu.
Mwanangu hakuichagua haraka. Alizaliwa ndani yake.

Dawa ya tatu haikuwa ya ukoo ule.
"Hii yaingia polepole," daktari alisema, "ipeni wiki sita."
Wiki sita! Mfereji nyuma ya nyumba uliganda, ukayeyuka.
Tumbo likamsokota, likatulia.
Wiki ya tano alitafuta kiatu, akakipata,
akakumbuka kutafuta cha pili.
Lakini alisinzia kwenye hesabu, alisinzia kwenye soka,
akasinzia akiwa na kijiko mdomoni.

Tukarudi kwenye kapsuli, dozi ndogo,
mayai mawili kwanza, ndipo dawa,
na uji mzito saa mbili usiku, njaa inapomrudia
kama mgeni aliyepotea njia.
Kila baada ya miezi mitatu: urefu, uzito, mapigo ya moyo.
Kila swali la daktari, Wiebe alilijibu
kabla ya mtoto kufungua mdomo.
Terpstra akaweka kalamu chini, akamtazama.

Sasa mfuko wa duka la dawa una majina mawili.
Asubuhi ya kwanza Wiebe alikaa jikoni saa nzima.
Friji ilikuwa ikinguruma, hakuna kingine.
"Hivi ndivyo mnavyosikia?" aliniuliza. "Siku zote?"
Sikujua nimjibu nini. Nilimmiminia chai.

Jumamosi Sjoerd hamezi, daktari ameridhia.
Nyumba inapasuka kelele tangu alfajiri,
ananisimulia kuhusu shakwe, injini, meno ya farasi,
sentensi moja haijaisha, ya nne imeshaanza,
nami, niliyeomba kimya miaka tisa,
nazima redio nimsikilize.