Sikuiwasha Mimi

Nyuzi thelathini na moja chini ya sifuri,
Ulaanbaatar, saa tatu usiku,
moshi wa makaa umeshuka hadi magotini.
Nimeegesha nyuma ya hospitali, ubavuni mwa jalala.
Gari kimya.

Chotara huyu, baba petroli, mama umeme,
alizaliwa Japani, akatumiwa, akachokwa,
akavuka maji na reli hata akanifikia
na usukani wake ule ule, upande usio wake,
ndiyo maana nikitaka kulipita lori
humuuliza abiria kama mbele kweupe.

Kisha, sijagusa kitu,
mtetemo chini ya kiti.
Imeamka.

Mwaka wa kwanza nilidhani ni maradhi.
Nikampelekea Purevjav, fundi wa Yarmag.
Alifungua boneti, akatega sikio,
spana hakuishika.
"Maji yake yamepoa," akasema.
"Umewasha hita. Joto ulidhani linatoka wapi?
Na betri nayo ina njaa.
Aliyesimama ni wewe, Dulmaa. Gari lina kazi."
Akanitoza tugriki elfu tano, ujira wa sikio.

Tangu hapo nahesabu.
Dakika nne inanguruma, dakika saba inanyamaza,
na blanketi la sufu nililolitandika juu ya injini
huniongezea dakika moja ya kimya,
moja na nusu upepo ukitulia.
Kwenye skrini mishale ya manjano
inatoka kwenye injini, inaingia kwenye betri,
inazunguka, inarudi.
Magurudumu hayaambulii kitu.

Ghorofa ya tatu, dirisha la pili kutoka kushoto,
mama amelala kando ya mashine.
Damu inatoka kwa mrija huu,
inazungushwa, inaoshwa,
inarudi kwa mrija ule.
Saa nne nzima, mara tatu kwa wiki,
mkono umenyooshwa kama wa mtu anayedai chenji.
Haruhusiwi hata kujikuna.

Miaka ishirini na sita aliendesha basi la umeme,
lile la pembe mbili zilizoshika waya.
Pembe zikichomoka njiani
alishuka na glavu zake, kamba mkononi,
akazirudisha huku abiria wakimlaani,
akapanda, akaendelea.
Nilipomletea gari hili alilizunguka mara mbili,
akaligonga bati kwa kidole cha kati:
"Mbili kwa moja. Halijiamini."

Inazima. Nasikia theluji ikilia chini ya viatu vya mlinzi.
Inawaka. Kioo kinaacha kuganda.
Hapo katikati huwa nasinzia,
na kila inapoamka naangalia dirisha la pili
kabla ya kuangalia geji ya mafuta.

Saa nne na robo anatoka,
kofia hadi kwenye nyusi, bandeji chini ya mkono wa koti,
anapima kila hatua kwenye barafu.
Anafungua mlango, anaingia, anasikia.
"Umeliacha linawaka muda wote huu?
Petroli unaiokota?"
"Sikuiwasha mimi, mama. Inajiwasha."
"Basi langu likisimama, lilisimama."
Lakini anavua glavu,
anaisogeza mikono kwenye tundu la hewa,
kwanza ule mzima,
halafu ule wa sindano, polepole.

Nazima, nawasha upya, tuondoke.
Yule mwanamke aliyemo ndani ya redio
anatuamkia kwa Kijapani, kama kila siku,
anatuarifu kwamba kadi haijaingizwa.
Na mama, macho yamefumbwa, kama kila siku, anamjibu:
"Hatuna, mwanangu. Twende hivyo hivyo."