Picha ya Thelathini na Tatu

Picha arobaini na moja nilimpelekea Mzevinar,
ghorofani juu ya tanuri la mikate, mjini Kutaisi,
mwezi wa pili, matope hadi kwenye vifundo vya miguu.
Nilimwambia: nikosoe, usinionee haya.
Moyoni naomba anisifu.

Hakunikaribisha kiti.
Alifuta unga kwenye miwani kwa ncha ya sketi,
akazitandaza mezani kama mtu achambuaye maharage.

"Bibi harusi huyu umemfinyanga kwa nta.
Ngozi ina vitundu, Otia. Hata ganda la yai lina vitundu.
Na haya meno? Meupe kuliko shela!
Nikikutana nayo gizani nitapiga yowe.
Hapa bwana harusi umempa jua la kushoto,
mama yake, bega kwa bega naye, linamwakia kulia.
Kutaisi ina majua mangapi siku hizi?"

Nikaandika nyuma ya risiti ya petroli:
vitundu. meno. jua moja.
Masikio yaliniwaka, nikashukuru
kama ashukuruvyo mtoto anayetolewa mwiba.

"Majani mabichi hivi, Novemba?
Rudisha ukahawia.
Waliooana Novemba wajue walioana Novemba."

Akafika kwa Tsiala na Ramaz, kwenye ngazi za kanisa:
changarawe, mberoshi mmoja, mbwa wa jirani akipiga miayo.
Hii ndiyo niliyoikesha.
Nguzo ya umeme nimeing'oa, pipa la taka nimelifuta,
na jamaa mmoja pembeni, koti la kijivu, sigara mkononi,
asiyekuwa kwenye orodha ya mtu yeyote,
nimemfuta naye, jiwe kwa jiwe,
nikaushona ukuta pale alipokuwa amesimama.

"Ukuta umeushona vizuri."
Hapo ndipo nilipoketi, bila kukaribishwa.
"Lakini hiki nini?"

Kidole chake, cheusi kwa wino, kiligusa changarawe.
Kivuli. Kirefu, chembamba, cha saa kumi jioni,
kimetoka pasipo na mtu
kikanyoosha kichwa hadi kwenye pindo la gauni.

"Umemwondoa mtu ukakisahau kivuli chake.
Mmalizie, au mrudishe.
Nusu mtu hakai kwenye albamu."

Kesho yake nilimpigia simu bibi harusi,
kuuliza jambo dogo tu, nilivyodhani:
kuna mtu wa koti la kijivu, je, ni wenu?
Kimya. Nikasikia bomba la maji likifungwa.
"Ana sigara?"
"Ndiyo."
"Mkono gani?"
Nikaifungua ile ya awali, nikaikuza
hadi ikavunjika vipande vipande vya rangi.
"Wa kushoto."

"Miaka kumi na tisa," akasema,
na hakusema ya nini.
Kisha: "Mama akimwona, albamu yote itaishia jikoni, motoni."

Nikangoja. Nje, lori la kuni lilikuwa likirudi nyuma,
mtu akipiga kelele njoo, njoo, njoo, basi.

"Kivuli umesema kinafika wapi?"
"Kwenye pindo la gauni lako."
"Kinaligusa?"
Nikasogeza macho karibu na kioo.
"Kwa upana wa ukucha."

"Kiache."

Nilirudisha vitundu. Nikayatuliza meno.
Nikawapa mama na mwana jua moja,
Novemba nikaipa majani yake yaliyokufa.
Ya thelathini na tatu sikuigusa.

Mzevinar aliichapisha, akaiinua dirishani ingali na unyevu,
akaitazama, akanitazama.
"Kosa bado lipo."
"Najua."

Mwanamke yule, ambaye hajawahi kunyamazia kosa,
hakuuliza.
Alivuta kiti, akakipangusa unga, akanisukumia.
Halafu akairudia kazi yangu, kimya kimya,
akaipunguzia changarawe mwanga kidogo tu,
pale ubavuni,
kivuli kikolee.