Mafunzo ya Siku Moja, Dundee

Beji yangu imeandikwa Mwanakher.
Mashine iliishiwa nafasi, akasema msichana wa mapokezi,
akacheka kwa haya, akanipa kalamu
niimalizie mwenyewe kheri yangu kwa mkono.

Ghorofa ya tatu. Meza za duara, majagi ya maji,
peremende vibakulini ambazo hakuna atakaye kuwa wa kwanza kuzigusa.
Dirishani Mto Tay, kijivu kama bati lililochakaa,
na treni inalivuka daraja polepole.

Tumetoka vyuo kumi na kimoja:
watu wa viza, wa mabweni, wa barua za udahili,
na Innes wa Aberdeen, anayehudhuria mafunzo haya kwa mara ya tatu
kwa sababu, asema, supu yao haina mfano.

Bi Catriona, mkufunzi, ana sauti ya mtu aliyelea mapacha.
Anatugawa wawili wawili.
"Mmoja awe mwanafunzi mgeni. Mwingine amuulize hali.
Dakika nne. Msitoe ushauri. Sikilizeni tu."

Innes akawa mwanafunzi.
Nikamuuliza hali, akajibu yuko sawa.
Nikaandika: yuko sawa.
Kisha kalamu ikasita.

Mimi, ninayetoka kwenye lugha
ambayo mtu yuko matangani, macho mekundu, kanga imelowa,
ukimuuliza habari atakwambia nzuri,
avute pumzi, ndipo aseme:
ila mama ametutoka.
Mama yangu, karani wa posta Pangani,
aliuliza mara saba: wewe? watoto? kazi? usiku ulilalaje?
mguu je? jirani? paa limezibwa?
Swali la nane ndilo alilokuwa amelifuata.
Nzuri ni kizingiti. Hujaingia ndani.

Na bado, Oktoba, wiki ya tatu,
Oyunbileg wa Ulaanbaatar alisimama mbele ya meza yangu
koti hajalivua.
Nikamuuliza hali, akasema njema,
nikabofya kisanduku cha kijani.
Foleni ilikuwa imefika mlangoni.
Hakuondoka mara moja. Aliisoma ile karatasi ya tahadhari ya moto
neno kwa neno, kituo kwa kituo,
kama mtu anayengoja swali la pili.
Nikaita: anayefuata.

Tangu hapo mahudhurio yake ni sifuri, sifuri, sifuri.
Jumatatu mfumo utamtumia barua wenyewe.
Barua hiyo niliitunga mimi. Ina lugha ya upole, na tarehe ya mwisho.

Bi Catriona akapita, akainama: "Mnaendeleaje hapa?"
"Nzuri," nikasema. Ikanitoka kwa Kiswahili.

Wenzangu walipokwenda kula nilishuka ngazi za dharura.
Upepo wa mtoni ukanipekua mifuko kama afisa wa mpakani.
Namba yake ilikuwamo kwenye faili muda wote.
Ikaita. Ikaita. Nikataka kukata.
Akapokea, sauti ya mtu anayelala mchana.

Hujambo? Yuko sawa.
Chumba kina joto? Kina.
Unakula? Anakula.
Na nyumbani, wanasemaje?

Treni ilianza daraja ikalimaliza
katika kimya kile.
Midomo yangu ilikuwa imejaa ushauri: daktari, mshauri, fomu namba sita.
Nikaumeza wote, mchungu, mmoja mmoja.
Dakika nne, alisema mkufunzi. Hii ilikuwa ya saba,
vidole vimekufa ganzi.

"Niko sawa," akasema, "ila..."

Saa kumi, taa za barabarani zimekwisha kuwaka,
wakatugawia vyeti.
Mwanakher, amehudhuria.
Innes akauliza nilikuwa wapi, amenifichia mkate.
Mkate nikaula ngazini, nimesimama.
Cheti nimekikunja mara nne;
nyuma yake namba ya basi,
jina la bweni,
na mlango: 3B, kengele haifanyi kazi, gonga.