Sheha Ndani ya Kitunguu

Msimu wa karafuu,
vumbi jekundu miguu,
kengele yalia juu,
skuli yetu Minungwini.

Mwalimu wetu Kazija
kwa baskeli amekuja
na sanduku zito moja,
amelifunga khangani.

Faki kasema: "Redio!"
Mize: "Cherehani hiyo!"
Nami wanidunda moyo,
benchi la mwisho pembeni.

Hakufungua haraka,
chaki yake akashika,
swali moja akaweka:
"Chenye uhai ni nini?"

"Kinachokwenda!" kasema
Kombo aliyesimama.
Mwalimu: "Jibu ni jema;
je, mawingu ya angani?"

"Kinachokula!" "Na moto?
Hula magogo mazito
na hauzai mtoto,
ukilala, u jivuni.

"Kiishicho hupumua,
hula, hunywa, na hukua,
kikiguswa hutambua,
huzaa, hufa mwishoni."

Nikauliza kwa hofu:
"Je, karafuu ni mfu
iliyoanikwa safu
kwetu pale majamvini?"

Akacheka, kanambia:
"Swali lako tafikia;
njoo hapa, chungulia
mwangu humu hadubini."

Kitunguu kakimenya,
utando kautawanya,
machozi kayakusanya
kwa ncha ya khanga shavuni.

Kauwekea kioo
na tone la dawa hiyo,
ile ya kidonda, ndiyo,
hudhurungi ya chupani.

Zamu yangu ikafika,
kope zikatetemeka,
mwanga mbele ukawaka,
nikatamka: "Jamani!"

Ni vyumba, vyumba kwa vyumba,
ukuta umevifumba,
kama mkeka wa Pemba
wenye ukili makini.

Akasema: "Hizo seli,
kila moja chumba kweli,
matofali ya asili
yatujenga miilini.

"Na doa lile la kati?
Ni sheha, kashika hati,
apanga kila wakati,
jina lakwe ni kiini.

"Na ute uliojaa
ni jiko, lafuta njaa,
na utando umekaa
bawabu wa mlangoni."

Kisha jani la magugu
la dimbwi, kaleta ndugu;
vidogo kushinda njugu
vitone vyake kijani.

"Hivi ndivyo vipikao
kwa jua, chakula chao;
sisi tu wakopeshwao,
twangojea sahanini."

Tone la dimbwi kaweka,
kiumbe kikazunguka:
seli moja, inaruka
peke yake, si utani.

Mize kashangaa sana:
"Haina ndugu? Haina
mwenza wa kupikiana?
Yaishi vipi majini?"

"Hujigawa iwe mbili,
kisha nne, zote seli,
ikapata na ahali,
dimbwi zima majirani."

Shavuni kanikwangua,
kwa kijiti kachukua
kidogo nisichojua,
kikaingia lenzini.

Seli zangu ni legevu,
hazina kuta za nguvu,
zimelala kwa uvivu
ja chapati siniani.

Ila sheha yumo pia,
kati amejikalia;
udugu ukanijia
na kitunguu jikoni.

"Na karafuu?" nasema.
"Vyumba vyake vyasimama,
sheha wake amehama,
jiko li kimya, jivuni.

"Mwenye nyumba kasafiri,
nyumba i tupu, i nzuri,
bado inayo uturi
aliopaka chumbani."

Jioni nikaokota
punje moja, nikasita;
hodi hodi nikaita,
hakunijibu wa ndani.

Nikautazama mti,
pepo zikipita kati:
masheha pasi na kiti
tele tele majanini.

Nikamenya kitunguu
usiku, na taa juu,
nikanong'ona: "Mkuu,
niwie radhi, jirani."