Paja Zima

Ulaanbaatar, Januari. Nje nyuzi thelathini chini ya sifuri,
na humu chumbani mwa sumaku baridi ni ya namna nyingine.
Otgonbileg anamwuliza mtoto: una chuma mwilini?
Mkanda? Hirizi? Sarafu?
Mtoto anatoa kwato ndogo ya shaba, imefungwa uzi wa buluu,
anamkabidhi mama yake.
"Nilianguka kwenye farasi," asema. "Ni hilo tu."

Wote huanza na kuanguka.

Jina kwenye fomu: Nergui. Miaka kumi na mitatu.
Kwa lugha yetu, Asiye na Jina.
Ndugu wawili walimtangulia kaburini kabla hawajaota meno,
bibi akampa huyu jina la hila,
ili kifo kikija na orodha yake
kikute mstari mtupu, kipite.

Mimi ndiye mwenye orodha leo.

Mashine inagonga, inanyamaza, inagonga
kama fundi bati aliyelipwa kwa saa.
Usitikisike, Nergui,
wewe unayekimbiza farasi kilomita ishirini
bila kugusa tandiko.

Picha ya kwanza. Uboho unang'aa,
mweupe kama utando wa maziwa sufuriani asubuhi.
Juu kidogo ya goti, weupe unakatika.
Kijivu. Kimetafuna ukuta wa mfupa, kimetoka nje,
kimeinua ngozi yake kama upepo uinuavyo pindo la hema.
Napima: sentimita tisa nukta nne.
Mshipa mkubwa umesukumwa, haujakumbatiwa.
Nashukuru kwa sauti, peke yangu, kwenye kioo.
Ndani ya kiungo hakujaingia kitu.

"Daktari, tumemaliza," asema Otgonbileg.
"Goti ndilo lililoandikwa. Nje wanasubiri sita."

Ni kweli, goti ndilo lililoandikwa.
Namwambia: paja zima. Kuanzia nyonga.
Anaguna. Anapanga upya.
Wale sita wanakuwa saba.

Na pale juu, karibu na shingo ya mfupa,
katikati ya weupe usio na kosa,
punje.
Punje ya shayiri, si zaidi.
Hakuna njia iliyoifikisha, hakuna nyayo;
cheche tu, iliyoruka mto usiku.
Eksirei haikuiona. Vidole vya daktari havikuigusa.
Mpasuaji angekata huku chini, akashona, akanawa mikono,
na moto ungebaki nyuma ya ukuta, ukipika.

Nachora mstari mpya.
Kila sentimita ninayoupandisha
ni sentimita ya mguu wa mtu.
Chuoni walinifundisha kupima.
Kupandisha, nilijifunza hapa.

Naandika: vidonda viwili, si kimoja.
Dawa zitangulie. Picha tena baada ya wiki kumi,
tuone kama kijivu kimerudi nyuma
au kimetudharau.

Anatoka akisugua masikio.
Mama anamfunga kwato yake mkononi, fundo mbili, ya tatu,
na bila kunitazama ananiuliza kuhusu Julai, kuhusu mbio.
Namwambia wiki kumi.
Anaitikia kama mtu aliyeuliza bei, akasikia.

Ripoti yataka jina kila ukurasa. Kurasa tatu.
Nergui, naandika. Nergui. Nergui.
Bibi, wino wangu umeiharibu hila yako.
Nivumilie. Nilikuwa natafuta
pa kukata.