Vidole vya Nanay

Zimebaki siku kumi na moja kabla ya mtihani wa leseni
na mvua ya Iloilo imeamua kuhamia juu ya bati letu.
Buti zangu za gwaride zinakauka nyuma ya friji;
nimezishindilia magazeti ya wiki jana,
habari za wizi zinanyonya maji.

Miaka minne nimesomea uhalifu:
nyuzi za nguo, maganda ya risasi, saini za kughushi,
moyo wa mtu kwenye mashine ya kupima uongo
ukienda mbio kwa hofu tu, si kwa hatia.
Hilo Sajenti Tupas alilisema mara moja,
huku akitafuta chaki,
na halikutoka kwenye jaribio.

Usiku huu ni zamu ya alama za vidole.
Tao. Kitanzi. Mzingo.
Rodelyn wa chumba cha pili amenipa vyake kumi
kwa malipo ya bakuli la tambi;
mpwa wangu amenipa vyake bure, akachafua na ukuta.
Nimebakiwa na kadi moja.
Nanay, mama, njoo unikopeshe mkono.

Akaja akijifuta kwenye aproni.
Nikamshika kama tulivyofundishwa:
legeza, usinisaidie, niachie mimi kidole,
nikibingirishe kutoka ukucha hadi ukucha.
Nikabonyeza.

Kadi ikanirudishia doa.
Doa jeusi, laini, kama kokoto la mtoni.
Nikaongeza wino. Nikapunguza. Nikailaumu rola.
Cha shahada, cha kati, cha pete:
hakuna njia, hakuna kijito, hakuna kilima.
Miaka thelathini na miwili ya sabuni ya mche
imeifuta ramani.

"Hata wale walishindwa," akasema.

Wale nani?

Ndipo akanieleza, akiitazama mvua, si mimi:
mwaka nilipokuwa tumboni
pete ya Bibi Villasor ilipotea.
Kituoni wakampaka wino mara tatu,
karatasi ikakataa mara tatu,
na kijana mmoja mwenye kalamu sikioni akaandika:
mshukiwa amejisugua vidole makusudi.
Siku nne juu ya saruji.
Pete ikakutwa mfukoni mwa suruali ya bwana mwenyewe,
suruali iliyokuwa ikimngoja yeye aje aifue.
"Nikaifua," akasema. "Ilikuwa Jumatatu."

Watu nimewaambia nilichagua kazi hii kwa ajili ya sare nyeupe,
kwa ajili ya mshahara usiokatika na bima ya matibabu.
Nilidhani nasema kweli.
Labda mtoto husikia, hata tumboni.

Nimefungua kitabu, ukurasa wa mia mbili na sita.
Taja sababu zinazofuta mistari ya vidole.
Moto. Tindikali. Ukoma. Nia ya kuficha uovu.
Nimesoma mara mbili, polepole,
kama shahidi anayepitia maelezo yake kabla ya kutia saini.
Kisha pembeni, kwa penseli, nimeongeza:
kufua.

Najua mtihani una majibu manne ya kuchagua
na hili langu halitakuwemo.
Siku ikifika nitatia weusi kwenye duara wanalolitaka,
nipate leseni, nipate meza, nipate kalamu.
Hasa kalamu.

Sasa Nanay yuko kwenye karo,
anausugua wino kwa chumvi na kalamansi, haukubali.
Umeng'ang'ania kwenye nyufa za kucha.
Ananyanyua mikono yote miwili kwenye mwanga wa taa
na kucheka, yeye ambaye hacheki ovyo:
"Haya, afande. Leo umenipata."